Albamu nne za kuingilia roki ya progresivu: ipi ikufae wewe

Anayetaka kuanza kusikiliza roki ya progresivu, yaani roki ya nyimbo ndefu zenye sehemu nyingi, hukwama mlangoni. Akiuliza watu watano atapewa majina matano, na kila mmoja atashikilia lake. Majina manne hurudi kuliko mengine: In the Court of the Crimson King ya King Crimson (1969), Fragile ya Yes (1971), The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd (1973) na Tubular Bells ya Mike Oldfield (1973). Zote zimetoka Uingereza, zote zina kati ya dakika 40 na 49, lakini kila moja humdai msikilizaji kitu tofauti. Tofauti hiyo ina chimbuko. Kila albamu iliwafikia watu kwa njia yake ya redio, na kila moja ilijaribu jambo lake studioni. Ukiyajua hayo mawili utajua pia ipi inalingana na muda wako, vyombo vyako vya kusikilizia na subira yako.

Redio ilifanya nini hasa

Hadi katikati ya miaka ya 1960 wimbo wa pop ulikuwa wa dakika tatu au pungufu. Santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika haikubeba dakika nyingi bila sauti kupungua nguvu, na vituo vya AM vilihitaji nafasi ya matangazo ya biashara kila baada ya muda mfupi. Wapenzi wa rumba wanalijua tatizo hili: wimbo mrefu uligawanywa, sehemu ya kwanza upande mmoja wa santuri na ya pili upande wa nyuma, ukalazimika kuinuka kugeuza ndipo ulisikie sebene lote.

Uingereza kulikuwa na kizuizi cha ziada. Makubaliano na chama cha wanamuziki yaliiwekea BBC kikomo cha saa za kupiga santuri hewani kwa siku. Pengo hilo lilijazwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni redio za maharamia zilizotangaza kutoka kwenye meli nje ya mipaka ya nchi: Radio Caroline kuanzia Machi 1964, kisha Radio London mwishoni mwa mwaka huohuo. Huko ndiko mtangazaji John Peel alikoendesha kipindi cha usiku wa manane, The Perfumed Garden, mwaka 1967, akipiga muziki ambao mchana haukuwa na nafasi. Tusizipambe sana meli hizo, maana Radio London hiyohiyo ilikataa kupiga Arnold Layne, santuri ya kwanza ya Pink Floyd, kwa sababu ya maudhui yake. Agosti 1967 sheria ikazizima, na tarehe 30 Septemba BBC ikafungua Radio 1 na kumchukua Peel.

Njia ya pili haitajwi sana, nami naiona kuwa nzito zaidi. Kwa kuwa saa za santuri zilikuwa chache, BBC iliwalipa wanamuziki waje kwenye studio zake kurekodi nyimbo kwa ajili ya vipindi. Bendi isiyo na santuri hata moja sokoni iliweza kusikika nchi nzima, tena ikipiga vile inavyopiga jukwaani. Kanuni iliyowekwa kulinda ajira za wapiga ala ikawafungulia mlango vijana waliotaka kupiga nyimbo za dakika saba.

Marekani mlango ulifunguliwa na serikali. Vituo vya miji mikubwa vilivyokuwa na AM na FM chini ya mmiliki mmoja viliamriwa visirudie kipindi kilekile kwenye masafa yote mawili kwa zaidi ya nusu ya muda. Agizo hilo lilipoanza kutekelezwa 1967, wamiliki walijikuta na saa nyingi tupu za FM. Aprili mwaka huo Tom Donahue alianza kuzijaza pale KMPX, San Francisco, kwa kupiga albamu badala ya singo, yaani wimbo mmoja unaouzwa peke yake. FM ilikuwa na stirio tangu 1961 na ilibeba sauti nyembamba za juu ambazo AM ilizimeza, kwa hiyo kazi ya studioni ya kupeleka sauti kushoto na kulia ikaanza kusikika majumbani.

Vigezo

Nimezipima albamu zote nne kwa mambo yaleyale: muda unaodaiwa, njia ya redio, jaribio lililofanywa, kinachokwaza pamoja na dawa yake, na inamfaa nani. Sikupima ubora. Zote nne zimepita mtihani huo kwa zaidi ya miaka hamsini.

King Crimson: In the Court of the Crimson King

Muda. Nyimbo tano, dakika 44 hivi. Wimbo mfupi kuliko yote una dakika sita, mrefu una kumi na mbili. Kila mmoja unaweza kusimama peke yake.

Redio. Mei 1969, miezi mitano kabla ya albamu kutoka, bendi ilirekodi katika studio ya BBC kwa ajili ya Top Gear, kipindi cha Peel. Julai 5 ikawa miongoni mwa bendi zilizowafungulia Rolling Stones katika bustani ya Hyde Park, London. Albamu ilipofika madukani Oktoba tayari kulikuwa na watu wanaoisubiri, ikapanda hadi nafasi ya 5 kwenye chati ya mauzo ya Uingereza. Redio hapa ilitangulia santuri, ikayaandaa masikio ya watu kabla ya kuwepo kitu cha kununua.

Jaribio. Kiini chake ni Mellotron, kinanda ambacho kila kitufe chake huvuta kipande cha kanda ya sumaku kilichorekodiwa ala halisi: fidla, filimbi, kwaya. Kanda huisha baada ya sekunde nane hivi, kisha springi huirudisha mwanzo. Mpigaji hawezi kushikilia nota apendavyo. Inambidi ahamie kodi nyingine (nota kadhaa zinazopigwa pamoja) kabla kanda haijaisha, na ndiyo maana zile fidla za wimbo unaobeba jina la albamu zinakuja kwa mawimbi, zikijaa na kuachia. Mota ikiyumba kidogo, nota nayo huyumba, na kuyumba huko kunaupa muziki huzuni ambayo okestra ya kweli isingeitoa. BBC yenyewe ilikuwa na mashine za aina hii kwa milio ya vipindi, kama vile mlango kufungwa au ngurumo. Wanamuziki waliichukua ala iliyofaa kazi za redio wakaifanya iimbe.

Kinachokwaza. Ni mambo mawili. Wimbo wa kwanza, 21st Century Schizoid Man, una sauti ya mwimbaji iliyokwaruzwa makusudi, na wengi hudhani spika yao imepasuka. La pili ni Moonchild. Baada ya dakika mbili na nusu za wimbo mtulivu, bendi inaingia katika upigaji wa papo kwa papo wa karibu dakika kumi, kwa sauti ya chini sana. Kwenye spika ya simu utadhani umekatika. Usiku, kwa hedifoni, utasikia wanavyojibizana nota kwa nota. Mara ya kwanza unaweza kuuruka bila dhambi, mradi uurudie. Angalia pia toleo: CD za zamani zilitokana na nakala ya nakala, na sauti yake ina ukungu. Zinazotokana na kanda halisi zilianza kutoka 2004, na mchanganyo mpya wa mwanamuziki Steven Wilson wa 2009 unatenganisha ala vizuri zaidi.

Inamfaa anayependa hisia nzito, au aliyelelewa na jazi na asiyeogopa saksafoni inapopiga kelele.

Yes: Fragile

Muda. Dakika 40, nyimbo tisa, lakini hesabu hiyo inadanganya. Nne tu ni za bendi nzima. Tano zilizobaki ni vipande vifupi, kila mwanabendi na chake, na kimoja hakifiki hata dakika.

Redio. Hapa ndipo vita vya urefu vinapoonekana waziwazi. Roundabout una dakika nane na nusu. Kwa ajili ya soko la singo Marekani ulikatwa ukabaki dakika tatu na sekunde 27, na vituo vya AM vikaupokea hadi ukafika nafasi ya 13 mwaka 1972. Vituo vya FM viliendelea kupiga ule mzima. Msikilizaji aliyeupenda ule mfupi alinunua albamu, kisha akagundua kwamba zaidi ya nusu ya wimbo alikuwa hajawahi kuisikia. Albamu ikapanda hadi nafasi ya 4 Marekani. Ukikutana na toleo fupi kwenye orodha za nyimbo mtandaoni, liache. Mkasi ulipita katika sehemu ya katikati, pale kinanda cha Rick Wakeman na gitaa la Steve Howe vinapopokezana, na hapo ndipo wimbo ulipo.

Jaribio. Sauti ya kwanza kabisa ya Roundabout inakua kutoka kimya hadi kujaa, kisha inakatwa ghafla na gitaa la nyuzi za nailoni. Hiyo ni nota moja ya piano iliyopigwa ikafifia, kisha kanda ikageuzwa kinyumenyume. Ufundi wa namna hii ulifanywa na Eddy Offord, mhandisi wao pale studio ya Advision, London, ambaye alikuwa pia akiunganisha vipande vya kanda kwa wembe na utepe wa kunata. Bendi ilirekodi sehemu kwa sehemu, ikijifunza kila sehemu upya kabla ya kuirekodi, halafu vipande vikaungwa kuwa wimbo. Ndiyo maana nyimbo zao hubadilika ghafla hivyo na bado zinashikana. Besi ya Chris Squire nayo haikai chini kama besi za kawaida. Ina makali ya gitaa, inabeba wimbo, na mara nyingi ndiyo unayojikuta ukiiimba baadaye.

Kinachokwaza. Maneno hayasimulii kisa, na sauti ya Jon Anderson iko juu sana kwa mwanamume. Usitafute hadithi, sikiliza maneno kwa mlio wake. Vipande vifupi huwakera wengine kwa kuivuruga albamu. Dawa ni kuanza na nyimbo nne za bendi kwa utaratibu huu: Roundabout, Long Distance Runaround, South Side of the Sky, Heart of the Sunrise. Ukizizoea, rudi upige albamu nzima.

Inamfaa anayepiga ala au kuimba kwaya, kwa sababu kila sauti inafuatika. Pia inamfaa mwenye kupenda muziki wenye furaha. Kati ya nne hizi, hii ndiyo yenye mwanga zaidi.

Pink Floyd: The Dark Side of the Moon

Muda. Dakika 43, nyimbo kumi zisizotenganishwa isipokuwa pale santuri inapogeuzwa, kati ya The Great Gig in the Sky na Money.

Redio. Money ilikatwa ikatolewa singo Marekani, nayo ikafika nafasi ya 13. Lakini FM ndiyo iliyoilea albamu. Kila upande ni dakika ishirini hivi zisizo na pengo, nafasi iliyomtosha mtangazaji wa usiku. Albamu ilikaa kwenye chati ya Billboard, chati kuu ya Marekani, wiki 741 kati ya 1973 na 1988.

Jaribio. Mwanzo wa Money ni kitanzi cha kanda chenye sauti saba, zikiwemo sarafu, karatasi inayochanwa na mashine ya fedha dukani. Kila kipande kilipimwa kwa rula kabla ya kukatwa, maana urefu wa kanda ndio urefu wa pigo. Mapigo saba yakawa msingi wa wimbo, na bendi ikapiga juu yake. Gitaa la David Gilmour linapoingia kwa solo mapigo yanageuka kuwa manne, na hata asiyejua kuhesabu mapigo huhisi ardhi imetulia. On the Run ilitoka kwenye sinthesaiza (kinanda cha umeme kinachotengeneza sauti) ya kampuni ya EMS: nota chache ziliingizwa kwenye kumbukumbu ya mashine, zikaharakishwa hadi zikawa mtiririko. Saa zinazolia kwenye Time zilirekodiwa na mhandisi Alan Parsons katika duka la saa, kila moja peke yake, kisha zikapangwa zilie pamoja. Kazi yote ilikuwa imezungushwa majukwaani kwa mwaka mzima kabla ya kutoka. Onyesho la Brighton la Januari 1972 lilikwama kwenye Money kwa hitilafu za mitambo, na hiyo inakuonyesha hatari ya kupiga pamoja na kanda isiyosubiri mtu.

Kinachokwaza. Karibu yote ni mipangilio ya kifaa chako. Programu inayochanganya mpangilio wa nyimbo huiua albamu hii. Inayoachia sekunde mbili za kimya kati ya nyimbo huikata mishipa, na ile inayofifisha wimbo mmoja huku mwingine ukiingia humeza viungio. Zima vyote hivyo. Spika moja ndogo ya Bluetooth hubana kushoto na kulia pamoja, na On the Run inapoteza nyayo zinazokimbia kutoka upande mmoja hadi mwingine. Usiongeze sauti wakati wa mapigo ya moyo ya mwanzo kwa kuwa ni hafifu, maana ukifika kwenye Time saa zitakupigia masikioni.

Inamfaa asiyetaka kuhangaika na nyimbo zenye kona nyingi. Mwendo wake ni wa polepole, maneno yanaeleweka: muda, fedha, kifo, kurukwa na akili. Inafaa pia kwa kusikiliza watu wawili au watatu pamoja, jambo gumu kwa zile nyingine tatu.

Mike Oldfield: Tubular Bells

Muda. Dakika 49, vipande viwili tu, kila upande kimoja. Karibu hakuna kuimba.

Redio. Albamu ilitoka 25 Mei 1973, ikiwa ya kwanza kabisa ya kampuni mpya ya Virgin. Mtunzi alikuwa ametimiza miaka 20 mwezi huohuo, na hakuna aliyemjua. Siku nne baadaye Peel aliuweka upande mzima hewani bila kuukata. Hakukuwa na singo, hakukuwa na mwimbaji wa kuweka kwenye bango, kulikuwa na mtangazaji aliyeamua. Marekani njia ilikuwa nyingine: dakika za mwanzo zilitumiwa katika filamu The Exorcist mwishoni mwa 1973, na singo iliyokatwa kutoka hapo ikafika nafasi ya 7 mwaka uliofuata.

Jaribio. Oldfield alianza kutunga nyumbani kwa kinasa sauti cha kukopa. Kinasa cha kawaida hufuta sauti ya zamani kila unaporekodi mpya. Yeye alikiziba kichwa cha kufutia ili sauti mpya ilale juu ya ile ya kwanza. Njia hiyo haina kurudi nyuma: ukikosea tabaka la nne, umeharibu yote manne. Baadaye, katika studio ya The Manor, Oxfordshire, alipata mashine ya njia 16, inayohifadhi kila sauti kwenye njia yake, na akapiga karibu kila ala mwenyewe, tabaka juu ya tabaka. Piano ya mwanzo ina siri ya hesabu: mapigo saba, kisha manane, kisha saba, hivyo haichoshi hata ikirudiwa mara nyingi, kwa sababu sikio halipati pa kuegemea.

Kinachokwaza. Hakuna kiitikio cha kusubiri, na upande wa pili una sehemu ya mtu anayenguruma inayowashtua wengi. Anza na upande wa kwanza peke yake, dakika 25. Mwisho wake msemaji anataja kila ala inapoingia, moja baada ya nyingine, na hapo mgeni wa muziki huu hujifunza mlio wa kila ala kwa jina lake. Usisikilize vipande vifupi vilivyokatwa: vinaishia pale mambo yanapoanza.

Inamfaa mwanafunzi au mtu anayefanya kazi ya mikono au ya kuandika, ambaye maneno ya nyimbo humvurugia mawazo. Inamfaa pia anayerekodi muziki nyumbani kwa kompyuta. Hakuna somo bora la kupanga matabaka.

Uchague vipi

Kama data ni kikwazo, fanya hesabu kwanza. Kwa ubora wa juu wa kilobiti 320 kwa sekunde, dakika moja hula MB 2.4, kwa hiyo albamu ya dakika 44 inakula takriban MB 106. Kwa kilobiti 96 inashuka hadi MB 32 hivi. Fragile na Crimson zinastahimili ubora wa chini wakati wa majaribio. Dark Side na Tubular Bells zipakue mara moja kwa ubora wa juu ukiwa kwenye Wi-Fi, kisha usikilize nje ya mtandao.

Ukiwa na dakika kumi tu kwa siku, ndani ya daladala au matatu, chukua Fragile wimbo kwa wimbo, kwa hedifoni zinazoziba kelele. Ukiwa na saa moja tulivu usiku, chagua kati ya Dark Side na Crimson: ya kwanza kama umechoka, ya pili kama akili iko macho. Ukiwa na kazi mezani, Tubular Bells.

Kama umewahi kujaribu muziki huu ukakushinda kwa kuwa na nota nyingi mno, usianze na Yes. Kama ulikushinda kwa kuwa polepole, usianze na Pink Floyd. Kama kilichokushinda ni kutokuelewa maneno, Oldfield hana maneno ya kukusumbua.

Wapo ambao hakuna hata moja kati ya nne itakayowaingia. Kwa anayependa muziki wa kuchezeka na mashine, ajaribu Autobahn ya Kraftwerk, kutoka Ujerumani, 1974: upande mzima wa dakika 22 na zaidi, ambao nao ulikatwa kwa ajili ya singo na kwa njia hiyo ukaingia redio za Marekani. Na kwa anayetaka kuonja safari nzima ndani ya dakika sita, upo Bohemian Rhapsody wa Queen, 1975, uliotungwa na Freddie Mercury, mzaliwa wa Mji Mkongwe wa Zanzibar. Ulionekana mrefu mno kwa redio, hadi Kenny Everett wa Capital Radio, London, alipoupiga mara 14 katika siku mbili za mwisho wa juma. Ukiupenda kwa ajili ya zile sauti zilizopangwa kwa matabaka, nenda Tubular Bells. Ukiupenda kwa ajili ya mabadiliko ya ghafla, nenda Fragile.